Rangi ya Sauti ya Gitaa la Umeme na Usikivu wa Maneno katika Wimbo wa Kiswahili: Mfano wa Shabunda na Majirani Zake

1. Utangulizi

Watafiti wanaonakili maneno ya nyimbo za dansi kutoka katika kanda na sahani wanaifahamu vyema taabu moja. Ubeti unaendelea vizuri, kisha silabi moja inamezwa na gitaa. Je, mwimbaji amesema alinipenda au alimpenda? Maneno yote mawili yana silabi tano, mkazo wake unaangukia mahali pamoja, na kwa hiyo lahani haimsaidii msikilizaji kuyatofautisha. Kinachoyatenganisha ni kiambishi kimoja kifupi, na kiambishi hicho ndicho kinachoamua ni nani aliyependwa. Kikimezwa, kisa kizima cha wimbo hugeuka.

Aghalabu lawama hutupiwa mwimbaji au uchakavu wa kanda. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni kingine, yaani namna rangi ya sauti ya gitaa la umeme ilivyotengenezwa kuanzia kwenye uzi wa gitaa, kupitia amplifaya na spika, hadi kwenye meza ya kuchanganyia sauti studioni. Hatua hizo zitaelezwa moja baada ya nyingine, na mifano yake itatoka hasa mashariki ya Kongo na kwa wanamuziki waliotoka huko kwenda pwani.

Mahali panapozingatiwa ni Shabunda, katika msitu wa mkoa wa Kivu Kusini. Mji huo uko kando ya mto Ulindi, takribani katikati ya Bukavu iliyo mashariki na Kindu iliyo magharibi. Ni nchi ya Warega, ambao makazi yao yanaenea pia hadi Mwenga na Pangi. Lugha mbili hukutana vinywani mwa wakazi: Kirega, ambacho ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili cha Kongo, ambacho wengi hukiita Kingwana, kinachotumika sokoni, kanisani na katika wimbo wa dansi. Wimbo unaopigwa kwa gitaa mahali kama hapo ni burudani, lakini pia ni hati ya lugha. Maneno yake yasiposikika, hati hiyo imefutika kabla haijasomwa.

2. Istilahi chache

Wapigaji wengi husema "toni" wanapotaja ladha ya sauti ya gitaa. Katika taaluma ya lugha neno hilo lina kazi nyingine, tena Kirega chenyewe ni lugha ya toni. Kwa hiyo kulitumia hapa kungezaa utata. Makala hii itasema rangi ya sauti. Mambo matatu yatenganishwe: kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, ukubwa, yaani nguvu yake, na rangi, yaani kile kinachomwezesha msikilizaji kutambua kwamba filimbi na gitaa ni vitu viwili hata vinapotoa kidatu kimoja kwa ukubwa uleule.

Rangi hutokana na mchanganyiko wa mawimbi. Uzi wa gitaa ukipigwa hutetemeka mzima, na papo hapo hutetemeka katika nusu zake, theluthi zake, robo zake, na kuendelea. Mtetemo wa uzi mzima ndio unaotupa kidatu. Mitetemo mingine, itakayoitwa hapa mawimbi andamizi, ndiyo inayotupa rangi. Kadiri mawimbi andamizi ya juu yanavyokuwa na nguvu, ndivyo sauti inavyong'aa. Yakipungua, sauti huwa ya kiza na ya mviringo.

Majina ya vyombo nayo hutofautiana. Dar es Salaam na Nairobi watu husema amplifaya na spika. Bukavu, kwa athari ya Kifaransa, husema ampli na bafle. Mambo yanayotajwa ni yaleyale.

3. Gitaa lenyewe

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huitikisa sehemu ya nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Ikumbukwe kuwa pikapu haisikii mbao wala hewa kama sikio lisikiavyo. Husikia uzi pale tu ulipo juu yake.

Kwa sababu hiyo mahali pa pikapu ni jambo la kwanza katika kutengeneza rangi. Karibu na daraja, uzi husogea kidogo na mawimbi andamizi ya juu huonekana kwa nguvu. Sauti huwa kali na yenye ncha. Karibu na shingo, mtetemo wa uzi mzima hutawala. Sauti huwa nene na tulivu. Swichi ndogo iliyo mwilini mwa gitaa humwezesha mpigaji kuchagua kati ya hizo mbili, au kuziunganisha. Mkono nao una swichi yake: kupiga karibu na daraja hung'arisha, kupiga karibu na shingo hulainisha.

Pikapu ya mzingo mmoja wa waya ina ila moja. Hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao katika Kongo na Afrika Mashariki una hezi 50. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, alibuni pikapu ya mizingo miwili iliyopangwa kinyume, ili mvumo unaonaswa na mmoja ufutwe na mwingine. Mvumo ulipungua, lakini baadhi ya mawimbi ya juu yalipungua pia. Hivyo ukimya ulilipiwa kwa mng'aro.

Nyuzi zisisahaulike. Uzi mpya hutoa mawimbi andamizi mengi. Uzi wenye kutu na jasho huyazima. Katika msitu wa Shabunda unyevu hula chuma upesi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bidhaa za dukani imefika huko kwa ndege ndogo. Mpigaji anayetumia nyuzi zilezile kwa miezi mingi hutoa sauti butu, kisha huongeza trebo ya amplifaya ili kuirudisha. Lakini trebo haiwezi kuongeza kile ambacho uzi haukukitoa. Hukuza mvumo na mchakacho tu. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga ni tiba rahisi kuliko zote.

4. Amplifaya na spika

Umeme unaotoka kwenye pikapu ni dhaifu mno kwa kusukuma spika. Amplifaya huukuza kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huinua nguvu yake kidogo na kuupitisha kwenye vifundo vya besi na trebo. Hatua ya pili huupa nguvu ya kutikisa spika. Kila hatua ina kikomo. Wimbi likizidi kikomo hicho kilele chake hukatwa, na wimbi lililokatwa kilele huzaa mawimbi andamizi mapya ambayo uzi haukuyatoa. Watu husema sauti "imepasuka". Amplifaya za vali za kioo huanza kukata taratibu, na mpasuko wake hukua kidogo kidogo. Nyingi za transista hukata ghafla, na mpasuko wake huwa mkavu na wa kukwaruza.

Wapigaji wa roki wa Uingereza na Marekani waliupenda mpasuko huo wakaufanya kuwa lugha yao. Wapigaji wa rumba ya Kongo kwa jumla waliukwepa, na sababu yake ni zaidi ya ladha. Katika sebene, ambayo Tanzania huitwa chemko, gitaa hupenda kupiga sauti mbili kwa pamoja, zilizoachana kwa hatua ya tatu au ya sita. Chukua mfano wa hezi 440 na hezi 554. Zikipita katika amplifaya safi, mbili huingia na mbili hutoka. Zikipita katika amplifaya inayopasua, huzaliwa sauti nyingine, na mojawapo ni ile ya tofauti yao, yaani hezi 114. Sauti hiyo haimo katika wimbo, hailingani na hezi 110 ambayo besi ingeipiga katika ufunguo huo, na huangukia katika uwanja wa besi. Mkanganyiko huo ukitokea mara nyingi kwa sekunde, sebene hugeuka kuwa tope. Usafi wa sauti ya gitaa la Kikongo ni sharti la ufundi wake.

Hata hivyo sheria hiyo ina upande wa pili. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa lilikuza sauti za likembe kwa pikapu zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vikuukuu vya magari, na mpasuko wa vyombo hivyo, uliosikika duniani kupitia albamu ya Congotronics ya mwaka 2004, ukawa ndio utambulisho wake. Funzo lake ni kwamba mpasuko ukikubaliwa na kupangwa huwa rangi. Ukija bila kuitwa huwa kasoro.

Spika nayo ni chujio. Spika ya gitaa yenye upana wa takribani sentimita 30 hushindwa kutoa kwa nguvu mawimbi yaliyo juu ya hezi 5,000 au 6,000. Ndiyo maana gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye meza ya studio, bila spika, husikika jembamba na lenye kuchoma, ilhali gitaa lilelile kupitia spika husikika limekomaa. Ukubwa wa amplifaya pia hueleweka vibaya. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike imekuwa kubwa mara mbili, nguvu hutakiwa iongezwe takribani mara kumi. Anayenunua ampli kubwa ili asikike katikati ya wenzake hulipa fedha nyingi kwa faida ndogo. Dawa yake iko katika mgawanyo.

5. Mgawanyo wa nafasi kati ya magitaa na mwimbaji

Gitaa la Kiswahili la Kongo halikuanza na umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga gitaa kavu na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Mtu mmoja alishika besi, kiitikio na lahani kwa vidole vyake, na sauti yake mwenyewe ikapita juu. Mizani kati ya gitaa na neno ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye hakuwa na sababu ya kujizima.

Mwaka uliofuata, 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alifika Leopoldville na gitaa la umeme kwa ajili ya kampuni ya kurekodi ya CEFA. Katika miaka iliyofuata kazi ya Mwenda iligawanywa kwa watu watatu au wanne. Besi ilishika chini. Rithimu ilirudia mviringo wa katikati. Solo ilipanda juu. Kati ya rithimu na solo likaingia gitaa la mi-solo, lenye kazi ya kujibizana na zote mbili. Nico Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, na kaka yake Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud, walionyesha katika African Jazz jinsi magitaa mawili yanavyoweza kusemezana bila kukanyagana.

Mgawanyo huo una hesabu yake. Uzi mnene wa besi hutoa hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa hezi 82. Uzi mwembamba ukiachwa wazi hutoa hezi 330, na ukibanwa kwenye kizuizi cha 12 hutoa hezi 660. Wapigaji wengi wa mi-solo hufunga kibano shingoni mwa gitaa ili kupandisha nyuzi zote, wakaacha ghorofa ya chini kwa rithimu. Mpangilio huo hufanya kazi ambayo studio za Ulaya zilikuja kuifanya kwa vifundo, kwa kuwa kila chombo kimepewa chumba chake kabla mtambo haujawashwa.

Mwimbaji anaishi chumba gani? Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na maneno yalieleweka. Irabu hubebwa zaidi na sehemu ya chini ya uwanja huo. Konsonanti nyingi, ambazo hutenganisha neno na neno, hutegemea sehemu ya juu, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Hapo ndipo pia ulipo mng'aro wa gitaa la solo, kwani ingawa vidatu vyake viko chini ya hapo, mawimbi yake andamizi hujaa katika uwanja huohuo. Gitaa na konsonanti hugombea mlango mmoja.

Lugha ya Kiswahili huumia zaidi katika ugomvi huo kwa sababu ya umbo la kitenzi chake. Nafsi ya mtenda, njeo na nafsi ya mtendwa hukaa katika silabi fupi zisizo na mkazo, kabla ya mzizi. Neno la Kiswahili likipoteza silabi ya pili au ya tatu halipotezi pambo; hupoteza habari ya nani alimtenda nani, na lini. Kiswahili cha Kongo kina nafuu kidogo. Pale Kiswahili sanifu kinaposema mtu na alimpenda, cha Kongo husema mutu na alimupenda; irabu iliyobaki huipa silabi mwili wa kusikika. Hali kadhalika batu huanza kwa mshindo wa midomo, ambao hupenya katikati ya magitaa kuliko mtelezo wa w katika watu. Jambo ambalo huhesabiwa kuwa tofauti ya lahaja tu lina matokeo yake mbele ya amplifaya.

Utaratibu wa rumba ulitatua sehemu ya ugomvi huo kwa kugawa muda. Wakati wa ubeti solo hujibana, hutupa jibu fupi mwisho wa mstari. Maneno yakiisha, chemko hufunguka na solo hupewa uwanja wote. Sura ya wimbo wenyewe ni mkataba kati ya gitaa na neno.

6. Kurekodi: kutoka mara moja hadi njia nyingi

Kwa miaka mingi wimbo ulirekodiwa kwa mara moja. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilipiga pamoja, na fundi alipanga mizani papo hapo. Kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote, na kilichoingia kwenye utepe hakikuweza kutenganishwa tena. Wengi husikitikia uhaba huo, lakini ulikuwa na adabu yake. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurekebisha baadaye, kila mpigaji alilazimika kujipunguza alipoimba mwenzake. Nyimbo nyingi za enzi hiyo husikika maneno yake waziwazi ingawa vyombo vilikuwa vichache.

Urekodi wa njia nyingi hubadilisha jambo hilo. Utepe hugawanywa katika njia kadhaa zinazokwenda sambamba, na kila njia hurekodiwa peke yake huku zilizotangulia zikisikilizwa. Mmarekani Les Paul, mpiga gitaa, alipata mtambo wa njia nane kutoka Ampex mwaka 1957. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, The Beatles walitoa albamu yao ya Sgt. Pepper wakitumia mitambo ya njia nne. Njia zilipojaa, zilichanganywa na kuhamishiwa kwenye njia moja ya mtambo mwingine ili kupata nafasi mpya. Kila uhamisho uliongeza mchakacho wa utepe, na mizani iliyohamishwa haikuweza kurudiwa. Mwaka 1979 Tascam ilitoa Portastudio, mtambo wa njia nne uliotumia kaseti ya kawaida, na kazi ya studio ikaingia chumbani.

Njia nyingi hutoa uhuru wa aina tatu. Kwanza, gitaa huweza kurekodiwa kwa ampli ndogo iliyokolezwa vizuri, kwani ukubwa wake utaamuliwa baadaye. Pili, kila gitaa huweza kuwekwa upande wake, rithimu kushoto na mi-solo kulia, ili kati pabaki kwa mwimbaji na besi. Tatu, fundi huweza kupunguza kidogo hezi 2,000 hadi 4,000 za gitaa pale tu mwimbaji anapofungua kinywa, na kuzirudisha anaponyamaza.

Pamoja na hayo kipaza sauti kina sheria zisizobadilika. Kikiwekwa karibu na kitovu cha spika sauti hung'aa. Kikisogezwa ukingoni hulainika. Kikirudishwa nyuma huchukua chumba pamoja na gitaa. Vikiwa viwili, hatari huzaliwa. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde; kipaza sauti kimoja kikiwa mbali na spika kuliko kingine kwa sentimita 34, sauti hukifikia ikiwa imechelewa kwa elfu moja ya sekunde. Zikichanganywa, mawimbi ya hezi 500 hukutana kinyume na kufutana, na gitaa hupoteza kifua chake bila mtu kujua kwa nini. Asiye na uhakika atumie kimoja.

Maisha ya Remmy Ongala yanaunganisha hatua hizi zote. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, mji jirani wa Shabunda upande wa magharibi, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila hadi umaarufu wake ukaipa sehemu ya Sinza jina la "kwa Remmy". Nyimbo zake zilitetea wanyonge. Katika Mambo kwa Soksi alizungumzia kinga dhidi ya UKIMWI. Kwa mwimbaji wa namna hiyo, neno lililomezwa lilikuwa onyo ambalo halikumfikia aliyelihitaji. Bendi iliyozoea kupiga mara moja redioni na usiku kucha katika kumbi ilitoa kupitia lebo ya Real World ya Uingereza albamu za Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992, zilizotengenezwa kwa vifaa vya njia nyingi. Anayezisikiliza hupata magitaa yaliyotandazwa pande mbili na sauti nzito ya Ongala ikiwa wazi katikati. Mtambo haukuanzisha mgawanyo huo. Ongala, aliyefariki tarehe 13 Desemba 2010, na wenzake walikwenda nao, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kujengwa katika vidole vya wapigaji.

7. Mambo ya kuzingatiwa mahali kama Shabunda

Umeme wa mitambo ya Ruzizi unaoihudumia Bukavu uko mbali na Shabunda. Bendi na kwaya hutegemea jenereta na paneli za jua. Jenereta iliyolemewa hushusha umeme. Ukishuka kutoka volti 220 hadi 180, amplifaya nyingi za kawaida hupoteza takribani theluthi moja ya nguvu zake za juu kabisa, na hivyo kuanza kupasuka mapema. Mpigaji husikia udhaifu akaongeza sauti, na mpasuko huzidi. Inafaa afanye kinyume: apunguze sauti ya gitaa, apunguze besi kwenye ampli, kwa kuwa besi ndiyo inayokula nguvu nyingi, na spika ipandishwe juu ya kiti ili ielekee masikio badala ya magoti.

Kwa kurekodi, programu za kompyuta na hata simu zimeleta njia nyingi mahali ambapo utepe haukufika. Lakini wingi wa njia una mtego wake. Gitaa la nne na la tano huongezwa kwa sababu tu nafasi ipo, na adabu ya zamani ya kujipunguza husahaulika. Utaratibu ufuatao unatosha kwa vifaa vichache. Jenereta iwekwe mbali, nyuma ya ukuta, au irekodiwe kwa betri. Rithimu na besi zitangulie pamoja, ili mwendo wa wimbo uwe wa watu wawili wanaosikilizana. Sauti ya mwimbaji ifuate ya pili, kabla ya mi-solo na solo, ingawa wengi huiacha iwe ya mwisho. Neno likiwa limekwisha kuingia, mwenye solo atalisikia masikioni mwake na atapita pembeni yake. Likiingia mwisho, litalazimika kutafuta upenyo katika ukuta uliokwisha kujengwa.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mtambo wowote. Mchanganyo ukikamilika, apewe mtu asiyeujua wimbo, ausikilize mara moja kwa spika ndogo ya redio au simu, kisha aulizwe maneno ya ubeti wa pili. Akisema alimpenda pale mwimbaji aliposema alinipenda, kazi haijakwisha, hata kama gitaa linapendeza. Kwa wimbo wa Kirega kipimo hicho ni kikali zaidi, kwa kuwa msikilizaji hutegemea pia kupanda na kushuka kwa sauti ya mwimbaji, na gitaa linalocheza karibu mno na lahani yake huweza kuupotosha mwendo huo.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba rangi ya sauti ya gitaa la umeme ni mfululizo wa maamuzi: uzi, mahali pa pikapu, kikomo cha amplifaya, upana wa spika, mahali pa kipaza sauti, na mizani ya mwisho. Imeonyeshwa pia kuwa katika wimbo wa Kiswahili maamuzi hayo yanagusa sarufi, kwa kuwa viambishi vifupi vya kitenzi na mng'aro wa gitaa hukutana katika uwanja mmoja wa mawimbi. Urekodi wa mara moja uliwalazimisha wapigaji kuamua kabla ya kupiga. Urekodi wa njia nyingi unaruhusu kuamua baadaye. Wakati wa uamuzi umesogezwa, lakini wajibu wake umebaki palepale.

Kwa mtafiti wa lugha na fasihi, inafuata kwamba unakili wa nyimbo uende pamoja na maelezo ya namna zilivyorekodiwa: mara moja au kwa njia nyingi, kwa vipaza sauti vingapi, kwa magitaa mangapi. Palipo na shaka ya kiambishi, maelezo hayo yataonyesha kama silabi haikutamkwa, au ilitamkwa ikafunikwa. Kwa mpigaji wa Shabunda, Kindu au Bukavu, inafuata kwamba kifundo cha trebo kilicho mbele yake ni sehemu ya wimbo sawa na ubeti, na akikizungusha anagusa pia maneno ya mwenzake.